Rombo, Kisaki au Nyumbani

Mbeya,
6 Machi 1994

Kwa dada yangu mpenzi Judith,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ignas na watoto, hasa Angelina ambaye nasikia siku hizi akipita njiani vijana wanasahau walikokuwa wanakwenda. Sisi huku wazima. Wifi yako Magdalena alisumbuliwa na jino, kaling'oa, sasa anakula vizuri na maneno yamerudi. Glory amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Elia yuko kidato cha pili na amenipita kimo. Nikitaka kumgombeza inabidi kwanza nimwambie akae.

Sasa dada, nimeamua kwamba mwezi wa Juni, shule zikifungwa, tusafiri familia nzima. Hatujawahi kufanya hivyo tangu watoto wapate akili. Walipokuwa wadogo ilikuwa rahisi, mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na ukimwonyesha ng'ombe anafurahi wiki nzima. Leo Elia anakatiwa tiketi ya mtu mzima na anakula ya watu wazima wawili. Na kila mtu nyumbani humu ana safari yake.

Magdalena anataka kwao Rombo. Huko hatutalipia chakula wala malazi, lakini unawajua shemeji zangu, kila mwaka nyumba zao zinaongezwa chumba, kisha jioni wananiuliza mimi nimefikia wapi. Elia anataka treni ya kwenda Kisaki, maana rafiki yake alimwambia asubuhi ile treni inapita katikati ya mbuga na wanyama unawaona dirishani bila kiingilio. Lakini tukishashuka Kisaki tutamjua nani? Glory anasema hataki kwenda popote. Mimi moyo wangu uko nyumbani, huko kwetu Mgeta.

Hebu niambie, barabara ya kupanda kutoka Mlali inapitisha lori siku hizi? Chumba cha nje mliziba bati? Na lile shamba la marehemu mama kule mtoni, nani analilima? Nauliza tu.

Ukinijibu tumia sanduku la parokia nililoandika nyuma ya bahasha. Lile la ofisini barua zinapotea.

Mdogo wako,
Gervas

*

Mgeta,
17 Aprili 1994

Mdogo wangu Gervas,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana, imechoka kuliko mimi. Masika ya mwaka huu si ya kawaida. Barabara ilikatika, malori yakalala njiani, kabichi zikaoza mpaka harufu ikatufikia huku juu. Barua zote zilikaa Mzumbe zikisubiri mtu mwenye miguu. Tunamshukuru Mungu tu wazima. Ignas mgongo unamsumbua lakini ukimwambia apumzike anakwenda kulima. Mbuzi wa maziwa kazaa pacha. Angelina kapata mchumba, kijana wa Mlali anaitwa Gabrieli, fundi seremala, mpole mpaka nina wasiwasi naye.

Haya, umenipangia safari zako kama mafungu ya nyanya, ngoja nikuchagulie. Rombo utakula bure ila utalipa kwa shingo, maana utakaa umeinamisha kichwa kila jioni. Lakini Magdalena atapumzika, na mwanamke yule anastahili kupumzika. Kisaki utaona tembo saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu umeshashuka stesheni na likizo imekwisha, umebaki na mbu. Nyumbani je? Nyumbani ndiko ghali kuliko kote, kaka. Wewe ni mjomba. Mjomba haji mikono mitupu, wala haondoki na senti mfukoni, watu wako unawajua. Na wanao hawajui hata salamu ya Kiluguru. Watakaa kwenye benchi kama wageni wa serikali, na kwa umri wao wataona kwamba wamekaa kama wageni. Mtoto mdogo hana gharama, Gervas. Gharama ya mtoto mkubwa ni kwamba anaona.

Usidhani nakufukuza. Njooni. Bati tumeziba.

Kuna jambo. Mwezi wa Januari nilimtuma Pazi, yule mfanyabiashara wa viazi, alipokuja huko Mbeya kuchukua mbegu. Nilimpa maneno ya mdomo, kwa sababu unajua mambo ya ukoo hatuyatii kwenye karatasi kabla hayajasemwa mbele ya watu, mama alikuwa mkali sana kwa hilo. Pazi anasema alifika ofisini kwako hakukukuta, akamwachia maneno mlinzi wa getini ambaye alisema anakufahamu vizuri. Yalikufika? Wazee wanangoja kauli yako, kwa kuwa mjomba ni wewe na hakuna mwingine. Usinieleze mengi humu. Niandikie ndiyo au hapana.

Dada yako,
Judith

*

Mbeya,
8 Mei 1994

Dada Judith,

Shikamoo tena. Poleni na masika. Hapa baridi imeanza kuuma. Matokeo ya Glory yametoka, kapata daraja la tatu, si haba. Mpongeze Angelina, na huyo Gabrieli mwambie upole ni mtaji, asiumalize kabla ya harusi.

Maneno ya Pazi yalinifika. Jibu langu ni ndiyo. Fanyeni mlivyopanga, mimi niko pamoja nanyi.

Kuhusu safari, nyumba imekuwa bunge. Jana Elia alichora ramani ya reli mezani kwa mkaa wa jiko, mama yake akamtuma maji ya kuisafisha. Magdalena anasema Rombo ni kwao na mtu hachoki kwenda kwao. Nikamwambia na mimi nina kwetu. Akanijibu, "Kwenu wewe. Watoto je?" Unalijua jibu lake, dada. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwao Rombo mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo wanangu wakienda kule wanaambiwa kwenu ni kwa baba yenu, wakija huko wanaambiwa kwenu ni kwa mama yenu. Walipokuwa wadogo nilikuwa nalicheka jambo hilo na wenzangu baa. Siku hizi silicheki.

Nina maswali machache zaidi. Vuli huko inaanza mwezi gani siku hizi, bado Oktoba? Mbegu ya viazi inapatikana kwa shida? Shule ya sekondari ya karibu inapokea wanafunzi wanaohamia katikati ya mwaka? Hili la shule ni kwa ajili ya mwenzangu mmoja ofisini. Magdalena atakuja na cherehani yake, ana nguo za kumalizia. Na vitanda, kama lori linapita, naweza kuja na viwili, maana vijana hawa ni warefu.

Hujanijibu kuhusu shamba la mtoni.

Siku hizi sikai dada, natembea sana. Daktari anasema ni vizuri kwa moyo.

Gervas

*

Mgeta,
30 Mei 1994

Gervas,

Marahaba. Sisi wazima. Pacha mmoja wa mbuzi alikufa, mwingine ana fujo kama wawili.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaacha kucheka. Ignas naye nikamsomea. Akasema, "Huyu anakuja likizo au anahama?" Likizo gani hii ya kuuliza vuli, kaka? Mtu anayekuja kula njegere za Juni anaondoka Julai, mbegu ya viazi ya nini? Na watu wa likizo tangu lini wakabeba vitanda? Una nini huko? Kama mmegombana wewe na Magdalena niambie, kama ni ugonjwa niambie. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni wewe, huwezi kunificha kitu ukakificha kikafichika.

Umeniuliza shamba la mama mara mbili, nami nilinyamaza kwa sababu lilikuwa bado halijasemwa. Sasa limesemwa, naweza kuandika. Jumapili ya pili baada ya barua yako, wazee walikaa hapa uwanjani, nikawapa jibu lako kwamba mjomba amekubali. Lile shamba la mtoni wamelikabidhi mikononi mwa Angelina, kama ulivyoridhia, liwe lake na la mabinti zake. Nilitaka uione sura yake. Alilala kifudifudi kwenye matuta akalia, mpaka bibi wa jirani akadhani amefiwa. Anasema, "Mjomba kanipa." Anakutaja kila siku. Tayari amekwisha kupanda karoti upande wa chini, na Gabrieli anachonga milango ya nyumba.

Harusi ni tarehe 27 Agosti. Utakaa kwenye kiti chako na utalisema neno lile la shamba mwenyewe, mbele ya upande wa waoaji. Juni njooni mapumzikoni, Agosti mje harusini. Au kama nauli ni shida, njooni mara moja tu.

Nijibu lile la mwanzo.

Judith

*

Mgeta,
10 Julai 1994

Gervas,

Hamjambo huko? Juni imepita. Nilitandika chumba cha nje, nikatandua, nikatandika tena. Angelina alishuka Mlali mara mbili kuwangoja, siku ya soko, akarudi peke yake na chumvi. Hakuna barua, hakuna mtu, hakuna salamu.

Nimemuuliza Pazi upya. Nimembana, nawe unamjua Pazi, akibanwa anatokwa jasho la pua. Mwishowe akasema yule mlinzi wa getini alimwambia, "Gervas yupi? Aliyekuwa wa stoo?" Pazi hakuelewa, au alielewa akaona haya kuniletea.

Aliyekuwa. Mdogo wangu, mimi sikulala.

Dada yako

*

Mbeya,
24 Julai 1994

Dada yangu Judith,

Shikamoo. Nisamehe. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikawa naishia kwenye salamu.

Sina kazi tangu Januari. Shirika linatafutiwa mnunuzi, na kabla ya kuuza wanapunguza watu, nusu yetu tulipewa barua kwa wiki moja. Kiinua mgongo kinasemekana kiko njiani. Nyumba hii ni ya shirika, mwisho wetu humu ni Septemba. Magdalena anajua. Watoto hawajui. Kila asubuhi navaa shati lililopigwa pasi, natoka saa ile ile, nazunguka mjini mpaka saa tisa. Ndiyo matembezi yangu ya afya.

Ile likizo nilikuwa naipangia hivi. Tuje huko kama watu wa mapumziko. Watoto wale njegere, wazoee baridi, wapende milima. Kisha wiki ya tatu niwaambie, haturudi. Nililima kichwani lile shamba la mama kila nilipokuwa natembea. Nilijua tuta lipi nitaweka viazi na lipi kabichi, wapi nitajenga. Magdalena alikuwa anapinga ndiyo maana alishikilia Rombo. Mimi nikapima tena na tena. Rombo ilikuwa rahisi kwa mfuko ila ingenimaliza mimi. Kisaki ilikuwa rahisi kwa moyo lakini haitupeleki popote. Nyumbani nikaona ndiko nafuu, kwa sababu kulikuwa na shamba.

Pazi hakuniona dada. Mlinzi hakunipa neno lolote. Uliponiuliza ndiyo au hapana, nilidhani ni mchango wa harusi, au kaburi la mama kujengewa. Ningesema sijapata ujumbe, ungeuliza kwa nini sikuwapo ofisini. Nikasema ndiyo. Nimeligawa shamba ninalolilia, kwa mkono wangu, kwa sababu ya aibu ya sentensi moja.

Siombi lirudishwe. Kwa haki yetu ni la Angelina hata ningesema hapana, mimi nilikuwa mpita njia tu pale. Ila sasa sijui niwapeleke wapi watu wangu, na naogopa sana.

Gervas

*

Mgeta,
6 Agosti 1994

Mdogo wangu,

Nimekasirika mpaka nimemwaga maziwa. Kisha nimelia. Sasa nakuandikia, na Ignas ameninyang'anya kalamu mara mbili ili nisikutukane.

Miezi saba! Ungekuwa hapa ningekuchapa na ukubwa wako huo. Kufukuzwa kazi hakukukutia aibu wewe peke yako, hapa Mlali penyewe wamerudi vijana wa viwandani mpaka vijiwe havitoshi. Wanalima, wanacheza bao, wanaishi. Aibu ni hii ya kuwavalia wanao shati la uongo.

Neno la mjomba halirudi, hilo unalijua. Siwezi kulirudisha, wala sitamwambia Angelina. Ukitaka kuomba sehemu ya kulima, omba wewe, kwa mdomo wako, umpelekee na kuku kama mgeni yeyote anayeomba ardhi ya ukoo. Najua ni jambo zito, mjomba kupiga goti kwa mpwa wake. Basi lipime hilo nalo, wewe hodari wa kupima.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Usiwalete wale watoto kwa hila. Mtoto mdogo unambeba, mkubwa unamwomba. Wakifika mlangoni kwangu hawajui wamefuata nini, wewe utalala nje na mbuzi, nami nitawaambia mimi. Waambie kabla hamjapanda treni.

Njooni. Nakupenda, mjinga wewe.

Judith

*

Mbeya,
18 Septemba 1994

Dada yangu Judith,

Shikamoo. Tulirudi salama. Mikungu ya ndizi uliyotupa iliiva njiani, tukawagawia watu behewa zima. Shemeji Ignas mpe pole ya mgongo na umwambie dawa ile ya kuchua nimeiona dukani, nitamletea.

Ulikuwa na wageni wengi siku zile za harusi, hatukupata nafasi ya kuongea, kwa hiyo nikueleze ambayo hukuyaona.

Niliwaambia watoto usiku wa kuamkia safari. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasahau yote. Elia alitoka nje akakaa kwenye kizingiti. Glory hakushtuka. Akasema, "Mimi najua tangu Aprili, baba. Nilikuona sokoni Mwanjelwa unashusha magunia ya mchele." Nikamuuliza mbona hakunisalimia. Akasema, "Ningekusalimia ungefanyaje?" Na hiyo ndiyo sababu alikuwa hataki safari yoyote. Alikuwa ananipunguzia mzigo, mtoto yule, na mimi nikamwita mvivu wa kusafiri.

Kwenye treni tulikaa kila mtu na lake moyoni. Alfajiri, kabla ya Kisaki, Elia akapiga kelele. Walikuwapo tembo, dada, wengi, na twiga wamesimama kwenye umande hawana habari na sisi. Dirisha lilikuwa moja, tukabanana wote wanne. Magdalena alikuwa amenishika bega, anacheka cheko lake la zamani la kabla hatujaoana, na yule mrefu wetu anatutajia wanyama majina kama mwalimu. Mimi niliangalia kidogo tu. Nilikuwa nawaza njia ya lori kutoka Kisaki hadi huko kwetu, na kama kuku niliyemnunua angefika kwa Angelina akiwa hai.

Ulinisikia nilipolisema lile neno kwenye harusi. Watu wakasema mjomba ana sauti. Sikuwa na sauti, nilikuwa najikaza. Kesho yake nikaenda kwa Angelina na kuku wangu. Alikataa nipige goti, akanishika mikono. Akanipa kipande cha juu, kuanzia ule mti wa mtomondo hadi kwenye jiwe, nilime maadamu nina uhai. Kisha akaniambia kwa adabu kabisa, macho chini, "Mjomba, lakini watoto hawataweza kurithi. Wazee hawatakubali." Nikamwambia amesema vema. Angekuwa mama angesema vile vile.

Tulipofika huku tulikaa mezani, na safari hii sikupanga. Niliwauliza. Magdalena alisema hawezi kuwazeesha wanawe kwenye ardhi ambayo siku nikizikwa wataambiwa wafungashe. Kaka yake ana duka Moshi mjini, kibaraza kinatosha cherehani. Hakusema kwa hasira, laiti angesema kwa hasira. Glory anakwenda naye, kuna chuo cha uhazili huko. Nikamwambia Elia naye aende, shule ni nzuri upande ule. Akasema, "Na wewe utapika nini?" Basi amegoma, anakuja nami, na nimeona haya jinsi nilivyofurahi.

Magdalena anasema ni kwa muda, mpaka mambo yatulie. Nami nasema hivyo hivyo.

Miezi yote ile nilikuwa natafuta safari ya kwenda na familia yangu, ipi nafuu, ipi ghali, na kumbe ilikuwa ile ya harusini. Ndiyo tuliyopewa. Ningejua, ningeangalia dirishani.

Wao wanaondoka Ijumaa kwa basi. Sisi tunapanda treni Jumanne inayofuata. Usiende kutungoja Mlali na mikokoteni dada, mizigo ni michache. Tutafika wawili.

Mdogo wako,
Gervas